Nusu ya Juu

Saa nane na robo usiku, Cheyo, Tabora.
Programu ya pensheni imeanguka.
Mashine yenyewe iko Dar, kwenye chumba chenye baridi
kuliko Tabora yetu ya Juni. Huku nina kioo tu,
herufi za kijani, na chai iliyoshika utando.

Imetapika kumbukumbu yake yote, kurasa mia tatu.
Nashuka nazo kwa kidole hadi rejista ya tatu:

0000004C 0017A2E8

Nusu ya kulia naijua. Ni anwani halali,
ndiko anakokaa Nyanzobe Lukelesha, mjane.
Hii ya kushoto, hii 4C,
nani kaiweka, na inamtafuta nani?

Bwana Mihayo aliandika mstari huu mwaka themanini na saba.
LR 3,5. Cha tano kiende tatu.
Pembeni kaacha neno: HAPA PASIGUSWE. M.K.
Enzi hizo rejista ilikuwa biti thelathini na mbili,
na LR iliijaza pomoni, ukuta kwa ukuta.
Hakukosea. Humlaumu mtu kwa kutofagia
chumba ambacho hakijajengwa.

Kisha rejista zikapanuliwa, sitini na nne.
LR imebaki na mzigo wake wa zamani:
inabeba thelathini na mbili zilezile, inazitua chini,
na nusu ya juu haiigusi, haiisafishi,
haipigi hata hodi.

Nimetafuta mfano nje ya dirisha. Marehemu baba
alipima reli stesheni hapa kwa fimbo ya chuma:
mita moja kamili, chuma hadi chuma.
Siku hizi wanatandika ile pana.
Behewa la mita moja ukilipandisha kule
litaanguka palepale, filimbi italia, watu watajaa.
Basi mfano unachechemea. Hapa hakikuanguka kitu.
Miaka kumi na moja tangu tuhamie upana mpya
pensheni zimetoka, kwa sababu nusu ya juu ilikuwa sufuri.
Sufuri ya bahati. Hakuna aliyeiweka.

Mama ndiye mwenye mfano. Alifundisha hesabu Isevya,
ubao mrefu, kitambaa kifupi. Siku moja ya haraka
alifuta kulia tu, akaandika jibu: 318.
Kushoto palibaki 76 ya jana.
Kapalata, mtoto wa dawati la nyuma, akasoma kwa sauti:
"Sabini na sita elfu, mia tatu na kumi na nane!"
Darasa zima likacheka.
Alisoma kilichoandikwa.

Ndivyo ilivyosoma LG ya mstari uliofuata:
biti zote sitini na nne, kwa utii,
ikaenda kubisha mlango
pasipo na nyumba wala mtaa.

Napanda juu mistari arobaini. Hesabu ya malimbikizo
imetumia rejista ya tatu nzima, ikaondoka bila kufagia.
Iliongezwa Machi. Haikuwahi kuitwa hata mara moja
hadi leo, ilipompata mjane anayedai miaka mitatu.
Herufi za pembeni: Z.L.

Zamda Lukwaja. Mimi.

Chai nimeimwaga.

Nachungulia rejista ya tano: juu kweupe. Basi
dawa ni herufi moja. LGR 3,5.
Chini ya neno la Mihayo naandika: NIMEGUSA. Z.L.
Saa tisa kasoro programu inakimbia tena,
na treni ya Kigoma, iliyochelewa tangu jana,
inapiga honi kama vile sisi ndio tuliochelewa.

Zimebaki LR mia mbili na kumi na moja.
Si kila moja inataka G. Ziko nusu zinazotunzwa kusudi,
mtu kaweka chake juu akijua
wa chini hawatakifikia.

Ya kwanza, LR 9,2.
Nachungulia juu.